Frasila za Dizeli Chini ya Gari

Kila ufikapo mwezi wa Disemba, watu wa Mungaa, mkoani Singida, waliotawanywa na riziki katika miji ya Dodoma, Arusha na Dar es Salaam hurejea kuwaamkia wazee wao, nao wenye magari yavutayo kwa magurudumu yote manne, wakisha kula na kunywa, huketi kivulini wakaingia katika mazungumzo ambayo mwaka hata mwaka yanazidi kunoga: nani ameliondoa tenki la mafuta alilolikuta garini akafunga jingine kubwa zaidi, amelipata wapi, kwa ijara gani, na kwa kujaza mara moja anaweza kwenda umbali gani bila ya kumtazama mtu wa sheli usoni. Swali la umbali huulizwa kwa shauku na hujibiwa kwa fahari. Swali ambalo sijapata kulisikia, na ambalo kwa rai yangu ndilo lililostahili kutangulia, ni hili: hizo lita zilizoongezwa zimekaa mahali pa nani?

Mafuta ni mzigo, ingawa hayana sura ya mzigo. Gunia la alizeti likipakiwa, springi huinama mbele ya macho ya watu na dereva hukuna kichwa. Lakini dizeli huingia kwa mpira mwembamba, mlio wake ukiliwaza sikio, na gari likazidi kulemewa ilhali mwenyewe anahesabu noti. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi. Kwa hiyo mtu aliyeongeza nafasi ya lita 90 amejitwika kilo 75, kabla ya kutia hesabuni chuma cha tenki, mikanda yake na boliti zake. Kwa kipimo cha wafanyabiashara wa pwani ya zamani, kilo 75 ni frasila nne na zaidi ya nusu. Kwa kipimo cha binadamu, ni mtu mzima mmoja aliyeshiba.

Nchi yetu hii iliijua hesabu hiyo kabla ya kuijua dizeli. Kusini ya hapa, kati ya Ugogo na Unyamwezi, palikuwa na pori ambalo misafara ya karne ya 19, ikitoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ililiita Mgunda Mkali, na ambalo sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya ya Manyoni, vichaka vizito vya Itigi vikiwa bado ni shahidi wake. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walilipita mwaka 1857, na Stanley akalipita mwaka 1871. Lakini waliolijua kweli ni wapagazi wa Kinyamwezi, waliokwenda na kurudi humo kwa miguu wakati wageni hao walikuwa bado hawajazaliwa au wangali watoto wakisoma kwao. Humo maji yalikuwa haba na chakula cha kununua hakikupatikana kwa siku nyingi, hivyo msafara ulilazimika kujibebea. Mpagazi mmoja alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70, na kiongozi wa msafara alifahamu fika, bila ya kuwa na mizani ya Mzungu, kwamba kila mtu aliyetwikwa nafaka na viriba vya maji alikuwa ni mtu aliyepunguzwa kwenye nguo, ushanga au pembe za ndovu. Akiba ya njiani ililipwa kwa bidhaa iliyobaki nyuma. Aliyebeba akiba kidogo aliwazika watu wake porini, na aliyebeba nyingi kupita kiasi alifika salama akiwa hana cha kuuza. Kati ya hasara hizo mbili ndipo palipokaa maarifa ya kazi yake.

Magari yalipokuja, hesabu hiyo iliendelea kuonekana kwa macho. Mafuta ya gari yalifika bara katika madebe ya galoni nne, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao, na debe lenyewe likisha kumwagwa mafuta liliingia katika maisha yetu likawa chombo cha kutekea maji, kipimo cha mahindi gulioni, na likikunjuliwa, bati la kuezekea. Hata leo mkulima wa Mungaa akitaja mavuno yake huyataja kwa madebe. Lori la zama hizo lilipanga akiba yake waziwazi mgongoni, na abiria aliyekosa pa kukaa aliyaona madebe yaliyokalia nafasi yake. Madebe hayo yalikuwa dhaifu mno. Katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Waingereza yaliyopigana katika majangwa ya Misri na Libya yalipoteza mafuta mengi kwa kuvuja kwa makopo ya bati jepesi la namna hiyohiyo, mpaka yakalazimika kuiga dumu la chuma la lita 20 ambalo Wajerumani walikuwa wameliunda mwaka 1937, lenye vishikio vitatu na kifuniko cha kubana. Na dumu hilo ndilo ambalo hadi leo twaliona likifungwa nyuma ya magari ya safari. Lakini nalo pia lilikaa nje, likionekana. Tenki kubwa la kisasa ndilo la kwanza kuificha akiba chini ya sakafu, baina ya vyuma viwili vya chesisi, mahali ambapo hata mwenyewe husahau kwamba ameibeba.

Biashara ya matenki haya imestawi zaidi huko Australia, na haikustawi bila sababu, kwa kuwa nchi hiyo ina njia kama ile ya Canning, kilomita 1,850 hivi za mchanga na matuta, ambayo msafiri wake huagiza mapema apelekewe pipa la mafuta katikati ya jangwa. Huko viwanda hukunja chuma, au siku hizi huumba plastiki nzito, kwa kufuata umbo la tumbo la kila aina ya gari, ili tenki jipya liingie katika mashimo yaleyale ya boliti na lijaze kila upenyo ulioachwa wazi na kiwanda cha kwanza. Ni kazi ya ustadi, na siidharau. Ninaloshangaa ni namna mahitaji yalivyogeuzwa kichwa chini yalipofika kwetu. Land Cruiser ndefu ambayo watu huiita mkonga, ile ambayo mashirika na wizara huipeleka vijijini, aghalabu hutoka kiwandani na matenki mawili ya lita 90, jumla lita 180; pikapu yake hubeba lita 130. Hizo ndizo zinazoingia porini, na wenyewe hawana haja ya kuongeza kitu. Wanaoongeza ni wenye Prado ya lita 87 na Hilux ya lita 80, ambao safari yao ndefu kupita zote ni kutoka Dar es Salaam mpaka kwa mama, karibu kilomita 700 hadi Singida mjini na kipande kidogo cha vumbi baada ya hapo, njia nzima ikiwa na sheli Chalinze, Morogoro, Gairo, Dodoma na Manyoni. Gari la namna hiyo, likienda kwa adabu, humaliza safari hiyo kwa tenki lake la asili, na dereva bado atashuka njiani, maana kibofu chake mwenyewe hakikuongezwa.

Nisije nikadhaniwa kwamba nalipinga jambo lenyewe. Toka hapa uende Mkiwa, penye njia kuu ya Manyoni, ukate kulia kuelekea Itigi na Rungwa hadi Makongolosi katika nchi ya Chunya: kilomita 413, sehemu kubwa ikipita katika mapori yaleyale ya Mgunda Mkali na kando ya hifadhi za Rungwa, Kizigo na Muhesi. Huko askari wa wanyamapori, mpima ardhi, au mganga anayezungukia vijiji akiwa na sanduku la chanjo, haendi kwa mwendo wa lami. Huenda kwa gia nzito katika mchanga, hurudi nyuma kutafuta kivuko, huwasha injini usiku apate taa, na lita ambayo ingemchukua kilomita nane barabarani humchukua nne au pungufu. Mtu wa namna hiyo akisema anahitaji tenki kubwa, hoja yake imekamilika, wala haimpasi kuulizwa mara ya pili. Amefanya tadbiri ya kiongozi wa msafara. Amepima umbali na dhiki, akakubali kuacha mzigo mwingine ili abebe huu.

Ugumu unaanza pale ambapo gari moja lina kazi mbili. Hospitali ya Makiungu, ambayo masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary waliianzisha mwaka 1954, ni jirani yetu, na kila mtu wa Mungaa ana ndugu aliyezaliwa, aliyetibiwa au aliyefia humo; kwa hiyo tunapozungumza juu ya magari ya wagonjwa hatuzungumzi juu ya jambo la ghaibu. Chukua gari lolote la wagonjwa katika nchi hizi. Asubuhi laweza kutumwa kijijini kumchukua mama mwenye uchungu, na jioni likatakiwa kumpeleka mgonjwa wa rufaa Dodoma. Kwa safari ya pili, tenki kubwa ni auni: dereva hasimami usiku kutafuta sheli iliyo wazi. Kwa safari ya kwanza, zile kilo 75 ni muuguzi mmoja, au ni yule bibi ambaye kwa desturi yetu hawezi kumwacha binti yake aende peke yake, naye huingia garini na kikapu, kanga mbili na chupa ya uji. Sheria ya gari haibadiliki kwa sababu ya huruma: kiwanda kimeandika uzito wa mwisho ambao chesisi, breki na ekseli zimeumbwa kuuchukua, na uzito huo huhesabu mafuta, chuma, machela, mtungi wa hewa, mgonjwa na watu wake wote pamoja. Akishapanda bibi na tenki likiwa limejaa, hesabu imepita. Na kwa kuwa hakuna dereva mwenye moyo atakayemwambia bibi ashuke, breki ndizo zitakazolipa, katika mteremko wa mawe, wakati wa mvua.

Wala hakuna mtu atakayemzuia. Mizani ya Njuki pale Singida hupima malori, kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ambayo hushika magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Gari dogo hupita kando likipunga mkono. Uzito wa mkonga, Prado na Hilux umeachwa katika dhamana ya mwenye gari, na mwenye gari, kwa uzoefu wangu, hupima kwa kutazama tairi.

Nimezungumza juu ya haya na fundi mmoja wa kuchomelea huko Singida mjini, kijana hodari mwenye mkono mtulivu, aliyeniambia kwa heshima zote, "Mzee, tenki ni sanduku tu, likikaa bila kuvuja, kazi imekwisha." Nilimjibu kwamba, mwanangu, sanduku la nguo halina mawimbi. Dizeli katika tenki refu lililojaa nusu hukimbilia mbele gari likifunga breki, hukimbilia pembeni likikata kona, na frasila kadhaa zikigonga ukuta kwa pamoja huweza kupasua kiungo cha chuma na hata kulitingisha gari zima. Ndiyo sababu tenki la haki hugawanywa ndani kwa kuta zenye matundu, ili mafuta yapite polepole, na ndiyo sababu tenki la gereji, lisilo na kuta hizo, huwa rahisi. Kijana akacheka, lakini akavuta kigoda.

Tuliendelea muda mrefu, maana palikuwa na mengi. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie mahali pake, na bomba la pumzi likisahauliwa, au likizibwa na tope la kwanza la masika, tenki hujivuta ndani na injini hufa kwa kiu ilhali lita 100 zimo tumboni. Injini ya dizeli ya zamani hairidhiki na kuchukua. Pampu yake hurudisha mafuta yaliyozidi, yakiwa ya moto, kwa hiyo tenki linataka tundu la kutolea na tundu la kurejeshea, na anayebadilisha tenki akaziba la pili amejitafutia balaa. Bomba la kunyonyea lishuke mpaka karibu na chini lakini lisiguse chini kabisa, kwa sababu hapo ndipo hukaa maji na takataka. Boya la geji liliumbwa kwa kina cha tenki la kwanza. Likihamishiwa katika tenki lenye umbo jingine husema uongo, na uongo wa geji ni mbaya kuliko kutokuwa na geji, kwa kuwa asiye na geji hutia kijiti akapima. Tena jua letu lina haki yake: dizeli ya lita 180 ikijazwa alfajiri hadi ukingoni, joto likapanda kwa digrii 20, huvimba kwa lita 3 hivi, nazo zitatafuta pa kutokea.

Kuhusu bati nilisema kwa ukali kidogo, na sijuti. Mafundi wengi hupenda shiti iliyopakwa zinki, kwa kuwa haishiki kutu na hupatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Lakini zinki na dizeli havipatani, huzaa pamoja utando mfano wa sabuni ambao huziba chujio na kufika kwenye nozeli, na bei ya kutengeneza pampu na nozeli yaweza kuzidi bei ya tenki mara nyingi. Na jambo la kuchomelea tenki lililokwisha kutumiwa, eti lilikuwa tupu, linastahili kukatazwa kwa kauli isiyo na utani. Tenki tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Fundi mwenye akili hulijaza maji kwanza akabakiza pale tu anapochoma, au hulisafisha kwa mvuke wa maji moto kwa saa nyingi. Fundi mwenye haraka hufanya dua.

Kisha lipo suala la mahali. Katika magari mengi nafasi iliyo wazi ipo nyuma ya ekseli ya nyuma, lilipofungwa tairi la akiba, basi tairi hupandishwa mlangoni au kwenye keria na tenki hushushwa mahali pake. Uzito uliokaa nyuma ya ekseli huinua pua ya gari: usukani huwa mwepesi, taa hupiga machoni mwa wanaokuja, na gari likishuka korongo, tumbo jipya ndilo la kwanza kulisalimu jiwe. Kuongeza bamba moja la springi huficha dalili, hakuondoi uzito. Na mwenye kufunga tenki kubwa akaishia kutia lita 40 kila wiki, kwa sababu fedha ndiyo iliyopo, amejipatia ghala la hewa ya unyevu; katika nyanda zetu hizi zenye usiku wa baridi wakati wa kipupwe na mchana wa jua kali, hewa hiyo hutoa jasho juu ya kuta za chuma, jasho hushuka kuwa maji, na maji ni msingi wa kutu na wa ule uchafu mweusi unaoota ndani ya dizeli iliyolala.

Najua sababu ambayo haisemwi kivulini. Mtu hafungi tenki kubwa kwa ajili ya umbali peke yake. Hulifunga kwa kukosa imani. Tangu mwaka 2009 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei za ukomo, ambazo siku hizi hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwenye tenki kubwa hujaza Jumanne akidhani bei itapanda. Waliokuwa watu wazima mwezi wa Agosti 2011 wanakumbuka jinsi bei ilivyoshushwa, na sheli nyingi zikafunga mipira yake kwa siku kadhaa, kana kwamba nchi nzima ilikuwa imekaukiwa ghafla. Wazee zaidi wanakumbuka miaka ambayo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri, kwa uhaba wa mafuta. Mtu aliyelelewa katika kumbukumbu hizo akijiwekea akiba siwezi kumwita mjinga, wala israfu si neno ninalotaka kumtupia.

Lakini nataka atazame ni nani aliyebaki nje ya akiba yake. Katika vijiji vyetu, na vya wilaya nyingi za nchi hii, petroli ya bodaboda huuzwa katika chupa za maji ya kunywa, zimepangwa juu ya meza karibu na jiko la chapati, kwa bei ya juu kuliko ya mjini, na anayeinunua ni kijana anayempeleka mgonjwa au mwalimu. Baada ya ajali ya Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, iliyoua watu zaidi ya 100, hapana anayeweza kusema hatujui petroli hufanya nini. Chupa zile zipo kwa kuwa sheli iko mbali. Na sheli iko mbali, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa watu ambao sauti zao husikika katika ofisi, mtumishi mwenye gari la serikali, mfanyabiashara, mwana wa kijiji anayerudi Disemba, hawauoni umbali huo. Wamepita na lita 150 chini ya viti vyao. Kiu ya wenzao hawaionji. Hapo ndipo nasema kwamba tenki kubwa halimfukuzi garini abiria mmoja tu. Huwaondoa pia waungwana katika kundi la wenye shida, na kundi likabaki na watu ambao barua zao hazijibiwi.

EWURA imekwisha kulegeza masharti ya kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini, ili mtaji wake usiwe sawa na wa kituo cha mjini, na huo ni mlango ulio wazi. Halmashauri yetu ya Wilaya ya Ikungi, iliyotokana na kugawanywa kwa Singida Vijijini mwaka 2012, haina kazi ya kuuza dizeli, lakini ndiyo inayopokea orodha za magari ya kununuliwa na ndiyo inayogawa viwanja. Madiwani wakiletewa ombi la gari lenye tenki la ziada, na waagize iandikwe katika karatasi hiyohiyo njia litakayopita, abiria litakaowachukua, na uzito utakaobaki baada ya mafuta. Liendalo Rungwa lipewe, tena lifungwe tenki lililotengenezwa kiwandani kwa gari hilo, na lile litakaloshinda kwenye lami baina ya Ikungi na Singida liende na tenki lake la kwanza. Viwanja navyo vipimwe, kimoja kwa kila tarafa, kando ya njia, mbali na shule na soko, chenye hati safi na nafasi ya lori la mafuta kugeuza bila kurudi kinyumenyume barabarani.